Siri ya Nyumbani na Imani ya Mtoto



Wapendwa katika Kristo, juma hili nimemkumbuka Eugene O'Neill, mwandishi wa tamthilia wa Marekani, aliyezaliwa New York tarehe 16 Oktoba 1888 katika familia ya Wakatoliki wenye asili ya Ireland. Baba yake, James, alikuwa mwigizaji mashuhuri. Mama yake, Ella, alipewa mofini baada ya kumzaa Eugene, akawa mtumwa wa dawa hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mtoto alifichwa jambo hilo. Shuleni masista walimfundisha sala. Lakini siri ilipofichuka, naye angali kijana mdogo, aliacha kwenda Misa, wala hakuirudia tena dini yake.

Kidunia alifanikiwa. Alipata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 1936, na Tuzo ya Pulitzer mara nne. Hata hivyo jeraha halikufunga. Katika tamthilia yake Long Day's Journey into Night, aliyoimaliza mwaka 1941, aliisimulia nyumba yao. Akaagiza isichapishwe hadi ipite miaka 25 tangu kufa kwake. Alifariki mwaka 1953, na mjane wake akaitoa mwaka 1956.

Wako watakaosema: huyo aliasi, yamemfika. Mimi sikubaliani nao. Naona imani yake haikuangushwa na hoja za wasioamini, bali na ukimya wa waamini. Ella mwenyewe aliishinda mofini mwaka 1914. Lakini mwanawe alikuwa amekwisha kwenda mbali.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ni nyumba ngapi kati yetu zinazofunika ulevi na dawa za kulevya kwa kitambaa cha heshima? Tunadhani tunawalinda watoto, kumbe wanajua, nao hubeba peke yao. Nasi mapadre hatuna udhuru: twamwuliza mtoto kama anaijua Sala ya Bwana, mara chache twamwuliza alilalaje.

Basi, katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, mgonjwa wa ulevi aombewe na kupelekwa kutibiwa kama mgonjwa mwingine yeyote, pasipo kusengenywa. Na mzazi amwambie mwanawe ukweli kwa upole, kisha wapige magoti pamoja.

Mungu awabariki.

Padre wenu