Programu Nazo Zibishe Hodi

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hata mgeni huyo hubisha hodi kwanza. Mbona basi programu za kompyuta ziingie popote kimyakimya?

Msomaji mpenzi, chukua fanksheni, yaani kijisehemu cha programu, inayotafuta wastani wa alama. Ipe 60 na 80, ikujibu 70. Basi! Ikiwa papo hapo inafungua faili la alama na kuandika humo, hiyo ni athari, na anayeitumia ana haki ya kujulishwa. Ati jina lake ni "wastani", kumbe ina mkono mrefu!

Haskell, lugha ya kifanksheni iliyotolewa mwaka 1990, ilishikilia jambo hili: aina ya fanksheni, yale maelezo ya inachopokea na inachorudisha, hutangaza pia kama inagusa ulimwengu wa nje. Mwaka 2009, Gordon Plotkin na Matija Pretnar wakaeleza njia nyingine. Fanksheni huomba tu. Mshughulikiaji aliye nje huamua, kisha kazi huendelea pale iliposimama.

Wapinzani husema haya yote huchelewesha kompyuta. Zamani walikuwa na hoja, maana ombi lilipanda ngazi moja moja kumtafuta mshughulikiaji, na kunakili kazi iliyosimama ni mzigo. Leo hoja hiyo imechakaa. OCaml 5.0, ya Desemba 2022, huruhusu kazi iliyosimama iendelezwe mara moja tu, hivyo hainakiliwi. Ni kama kuweka kijikaratasi kitabuni badala ya kunukuu kitabu kizima! Katika lugha ya Koka, njia waliyoieleza Ningning Xie na Daan Leijen mwaka 2021 huipa fanksheni habari za mshughulikiaji mapema, isihangaike kumtafuta.

Hata hivyo, OCaml siipi alama zote. Aina zake hazitangazi athari hizi. Ombi lisilo na mshughulikiaji hugunduliwa programu ikiwa tayari kazini, nayo huanguka. Koka hutangaza mapema, na hapo ndipo nasimama mimi. Mbio bila uwazi ni za nini? Haraka haraka haina baraka.

Wenzangu mnaoandika programu, hata kama lugha yenu hailazimishi, tengeni hesabu kando na uandishi wa faili. Mwalimu akikagua, ajue mara moja ni wapi alama zaweza kuguswa. Hodi ni neno fupi, halimcheleweshi mtu.