Nendeni Vårby gård, Hakuna cha Kupiga Picha

Kila mwisho wa Agosti Stockholm hupokea wajumbe wa Wiki ya Maji Duniani, mkutano ulioanza hapa mwaka 1991, na miongoni mwao hawakosi wataalamu kutoka Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali. Miezi mingine huja watu wa afya, wa vyuo vikuu, wa mitandao ya simu. Wote hushuka uwanja wa ndege na orodha moja, utadhani waliandikiwa na karani mmoja: mji mkongwe wa Gamla stan, kasri la mfalme, jumba la meli ya Vasa, picha mbele ya Ukumbi wa Jiji panapofanyika karamu ya Nobel, kisha maduka ya Drottninggatan. Asiyeimaliza huhesabiwa kuwa ameipoteza safari. Akirudi ofisini ataulizwa, "Sasa wewe ulikwenda kufanya nini?"

Imani hiyo, kwamba jioni na Jumapili za mtu aliyesafiri kikazi ni deni analodaiwa na vivutio vya mji, ni imani ya kijinga. Na gharama yake wala hailipi mgeni.

Anailipa mwenyeji. Tuambiane ukweli: wageni wetu wengi hawalali hotelini. Posho ya malazi imetoka, lakini kuna ada za watoto, kuna kiwanja Kigamboni kinachosubiri msingi, na hoteli za Stockholm hazina huruma. Basi anatafutwa shemeji, binamu, au mtu tuliyesoma naye. Na hawa ndugu zetu, wabeba boksi kama mnavyowaita, ni nadra kuwakuta katikati ya mji. Wako huku kwenye miguu ya mstari mwekundu wa treni ya chini ya ardhi: Vårberg, Vårby gård, Fittja, Alby. Sina ugomvi na hesabu hiyo ya posho. Hata mimi ningeipiga. Ugomvi wangu uko kwenye kinachofuata. Shemeji anatoka zamu ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee, saa mbili asubuhi ndiyo kwanza anavua viatu mlangoni, na mgeni keshakaa sebuleni na koti lake. "Leo tunaanzia wapi, shem?" Siku yake moja ya kulala inakuwa siku ya udereva na upigaji picha. Kukataa hathubutu, maana habari zitatangulia kufika nyumbani kabla ya ndege: fulani siku hizi kawa Mzungu. Wahenga walitaka mgeni apewe jembe siku ya tatu. Huku jembe ni zamu ya chumba cha kufulia cha jengo zima, ambayo usipoiwekea nafasi mapema umekwisha, na sijapata kumwona mjumbe wa kongamano akikabidhiwa kapu la nguo.

Na anachokimbilia huko mjini kina nini? Vasa ni meli nzuri. Ilizama mwaka 1628 siku ya safari yake ya kwanza, ikaopolewa 1961, na imekaa ndani ya jumba lake utadhani ilijengwa juzi. Lakini mradi wa serikali uliozama kabla haujatoka bandarini si kitu ambacho sisi tunahitaji visa ili tukione.

Anachokipita kwa treni ndicho alichokuja kukitafuta. Mchukue huyo mtaalamu wa maji. Ameshinda ukumbini akitazama slaidi za vyanzo, mabonde na mabomba. Jioni anakwenda kununua sumaku ya kubandika kwenye friji. Maji aliyokunywa mchana yametoka katika ziwa Mälaren, na ziwa hilo limelala chini ya magorofa ya Vårby gård, mwendo mfupi kutoka kituoni. Wakati wa joto utakuta watoto wanaogelea, familia zinachoma nyama ufukweni, na hakuna anayeshtuka kwamba hayo ndiyo maji ya kunywa ya jiji kubwa. Vituo vitano mbele, mwisho wa reli, ni Norsborg, penye mtambo wa kusafisha maji unaofanya kazi tangu 1904. Ufukwe unaotumiwa na watu wa kawaida na mtambo wenye umri zaidi ya karne viko kwenye mstari mmoja wa treni. Mtu wa DAWASA au wa bodi ya maji ya kaunti yoyote angekaa kwenye benchi pale saa nzima akijiuliza maswali ambayo hakuna mtoa mada aliyeyagusa: nani anazuia nini kisimwagwe humu? Nani analipa? Mbona hapana ukuta?

Au mchukue wa mipango miji. Kenya leo inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri anaongeza kiasi kile kile, kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Kelele zake tunazisikia hata huku. Uswidi iliwahi kufanya jambo la namna hiyo, kwa fedha na taratibu zake. Kati ya 1965 na 1974 ilijenga makazi yapatayo milioni moja, na mpango ulipoanza nchi nzima haikufikisha watu milioni nane. Vårby gård ni mtoto wa mpango huo. Ardhi iliyokuwa shamba la kibwanyenye kando ya ziwa ilipandishwa magorofa, na tarehe 1 Oktoba 1972 treni ikafunguliwa. Juni ya mwaka huo huo, katika jiji hili hili, Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wa mazingira ulioizaa UNEP, ambayo makao yake yakapelekwa Nairobi. Mwaka 2022 Kenya na Uswidi ziliandaa pamoja mkutano wa kuadhimisha nusu karne ya tukio hilo, hapa hapa Stockholm. Nusu karne ya makazi ya umma ilikuwa imesimama chini ya nusu saa kwa treni kutoka katikati ya mji, na sikusikia ikiwa kwenye ratiba ya mjumbe yeyote.

Angekuja angeona mawili, na yote yanauma. La kwanza: nyumba na treni vilipangwa pamoja. Kwetu nyumba hutangulia, barabara hufuata baada ya uchaguzi, na maji huletwa na boza. La pili ni kwamba hata hivyo haikutosha. Waliopata uwezo walihama, waliofika na mabegi kutoka nchi za mbali wakaingia, na leo anwani ya mtu inatosha kumweleza mwajiri mengi ambayo hakuyauliza. Zege lilikuwa zuri na mpango ulikuwa mzuri, lakini utengano ulikuja vilevile. Hilo ndilo somo ambalo waziri wa nyumba wa nchi yoyote ya Afrika Mashariki analihitaji kuliko kijitabu cha semina.

Najua mtaniambia nini: huko si ndiko kwenye mabomu? Ndiyo, Januari 2018 mzee wa umri wa miaka sitini na kitu aliokota guruneti nje ya kituo cha Vårby gård, likamlipukia, akafariki. Magenge yapo, na jina la Vårby limechafuka magazetini kwa sababu hiyo. Sitalipaka rangi. Lakini maelfu ya watu hushuka kituo hicho kila siku na mifuko ya mboga na watoto mgongoni, na mgeni anayetoka Tandale au Eastleigh anajua vizuri namna mtaa unavyoweza kusemwa na watu ambao hawajawahi kuukanyaga. Vitongoji hivi vimezoea. Mwaka 1968 maduka ya Skärholmen, vituo viwili kutoka hapa, yalikuwa ndiyo kwanza yamefunguliwa mwandishi Lars-Olof Franzén alipoandika katika gazeti la Dagens Nyheter kwamba yabomolewe. Hayakubomolewa. Nenda uwanjani pale ukanunue matunda, bei utaipenda kuliko ya mjini.

Pingamizi ninaloliheshimu ni jingine. Kumtoa mgeni mjini umlete kutazama mtaa wa wahamiaji, si yale yale ya Wazungu wanaozungushwa Kibera na kamera? Inaweza kuwa yale yale. Tofauti iko kwenye mwenendo. Anayekuja na simu imeinuliwa, akihesabu madishi ya setilaiti barazani, abaki mjini na Vasa yake. Anayekuja akanunua mkate, akakaa, akamsalimia mama wa Kisomali aliyekulia Mombasa na anayezungumza Kiswahili safi kuliko chake, huyo amekuja kutembea, na kutembeleana hatujafundishwa na mtu.

Wala sisemi kila jioni igeuzwe darasa. Aliyechoka alale, na kulala ni matumizi halali ya jioni ya bure. Ninachokikataa ni ule utumwa wa kukimbia kutoka sanamu hadi sanamu kwa sababu ofisini wataulizia picha.

Kwa hiyo, ndugu mjumbe, mkutano ukifungwa saa kumi na moja jioni, mwishoni mwa Agosti bado una mwanga hadi karibu saa mbili usiku. Panda treni nambari 13 iliyoandikwa Norsborg. Tiketi moja hudumu dakika 75. Shuka Vårby gård, kituo kinachofuata baada ya Vårberg, uteremke ziwani. Nenda peke yako. Shemeji ana zamu usiku, mwache alale.