Nyumba ya Wageni na Mabega ya Wapagazi

Karibu na stesheni ya Tabora ipo nyumba kongwe iliyojulikana zamani kwa jina la Hoteli ya Reli, na baadaye Orion. Vitabu vya wasafiri husimulia kuwa ilijengwa mwaka 1914 na bwana mkubwa wa Kijerumani, iwe makao yake ya safari za kuwinda. Mgeni husoma maneno hayo, hutazama baraza, hustaajabu, hulala. Asubuhi huondoka akidhani kwamba ameonja historia ya Tabora. Alichotafuna ni nta; asali hakuandaliwa.

Kosa si la nyumba. Kosa ni la kipimo, kwa kuwa jambo halihesabiwi kuwa la kale ila liwe na ukuta, paa na jina la mwenye cheo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, lakini mji ulikuwa umezoea wageni tangu zamani. Burton na Speke walipowasili Kaze mwaka 1857, walikuta majumba ya wafanya biashara Waarabu, na Snay bin Amir akawakirimu. Unyanyembe ilikuwa njia panda: huku Ujiji, huku Karagwe na Buganda, huku pwani. Na vitambaa, shanga na pembe zilizopita hapo zilipita juu ya mabega ya watu. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua ratili 60 au 70, akamfuata kirangozi wake kwa miezi, akalipwa nguo.

Huko Kwihara, nje kidogo ya mji, hutunzwa tembe la Livingstone. Watu huambiwa kwamba yeye na Stanley walikaa hapo mwaka 1872. Ni kweli. Lakini ukweli haujakamilika mpaka isemwe kwa nini Livingstone alibaki hapo baada ya Stanley kuondoka mwezi wa Machi. Alikuwa akingoja watu wa kumchukulia mizigo, na hakuweza kuondoka mpaka walipofika kutoka pwani mwezi wa Agosti. Mwenye jina aliwangoja wasio na jina. Mwaka uliofuata alipokufa, mwili wake ulipita tena Unyanyembe ukichukuliwa na akina Susi na Chuma, ukafika Bagamoyo mwaka 1874.

Yamkini atatokea wa kusema kwamba mpagazi hakuacha nyumba, basi hapana cha kuhifadhi. Hoja hiyo ni dhaifu. Aliyepita hakuacha ukuta, aliacha njia. Reli yenyewe ilielekea pande zile zile alizozikanyaga, kutoka pwani hadi ziwani. Mwingine atasema kwamba njia ile ilikuwa ya watumwa, na kumsifu mpagazi ni kuficha machozi yao. La hasha. Utumwa lazima utajwe kwa jina lake. Lakini mwaka 2006 Tanzania ilipoiandikisha njia hii katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, iliitwa njia ya watumwa na pembe. Mnyamwezi huru aliyefanya kazi kwa ujira hamo katika jina hilo. Si mtumwa, si pembe. Basi ni nani? Vita vya mwaka 1914 vilipozuka, wenye serikali walijua vema ni nani: walimkamata kwa nguvu, wakamtwika risasi na chakula, na wengi wakafa njiani.

Wa tatu atasema kwamba hoteli ni biashara, wala si shule. Naam, ni biashara. Lakini nyumba ya namna hii huuza ukale wake pamoja na kitanda, na muuzaji mwadilifu hujaza pishi. Bao moja barazani, lenye kueleza mizigo, ujira na njia za wapagazi, si gharama ya kumfilisi mtu. Na vyuo visimwachie mwenye hoteli kazi hii peke yake. Wanafunzi waende Urambo, Sikonge na Nzega, wakaandike masimulizi na majina yanayokumbukwa katika jamaa kabla hayajazikwa.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tabora wageni wamekuja, nao wametajwa mmoja mmoja. Mwenyeji aliyewachukulia mizigo hajatajwa bado. Na asiyetajwa hajapona.