Waraka kwa Wanachama: Tusingoje Kuchangia Jeneza

Kwa wanachama wote wa chama chetu cha kufa na kuzikana,

Pole kwa nyumba zilizofiwa mwaka huu.

Tukipata msiba, kila mmoja wetu anajua la kufanya. Simu zinapigwa, michango inaingia kwa M-Pesa kabla jua halijatua, hema linasimamishwa, akina mama wanashika jikoni, na gari la kwenda kuzika linapatikana. Katika hilo sina la kuwalaumu. Lakini tunao wenzetu wanaomalizwa na pombe polepole, sote tukitazama, na kwao hatujawahi kutenga ajenda hata moja. Tunasema "amejitakia", wengine wanasema amerogwa, kisha tunasubiri siku ya kuchanga. Ombi langu ni hili: mwanachama anayetaka kuacha pombe apelekwe kwenye kikundi cha wanaoacha, na asiende peke yake.

Vikundi hivyo vipo hapa Kenya, na vinavyojulikana zaidi ni vya Alcoholics Anonymous, yaani AA. Mwaka 1935 Bill Wilson, mtu wa soko la hisa kutoka New York, alikuwa Akron, Ohio, biashara imemharibikia na hamu ya kunywa imemshika upya. Badala ya kuingia baa alipiga simu huku na kule akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akakutanishwa na Bob Smith, daktari wa upasuaji aliyekuwa ameshindwa na chupa. Kutokana na mazungumzo yao ndipo AA ilipozaliwa. Naisimulia habari hii kwa sababu sisi tumejaribu mahubiri, vitisho na vikao vya wazee, tukashangaa mtu anaitikia vizuri mchana na usiku yuko kulekule. Kuhubiriwa amehubiriwa vya kutosha. Mpeni nafasi ya kuketi na mtu aliyepita kwenye aibu ileile akatoka.

Wanaouliza kama inasaidia kweli wajue kwamba mwaka 2020 watafiti wa Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba, walichambua tafiti 27 zilizohusu watu zaidi ya 10,000. Walikuta kwamba AA, pamoja na tiba zinazomwelekeza mtu huko, husaidia watu kuacha pombe kabisa kuliko tiba nyingine zilizozoeleka. Na hakuna ada.

Kukipata kikundi, anzeni na 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi, au ulizeni kwenye kitengo cha ushauri nasaha cha hospitali iliyo karibu. Ulizeni siku, saa, lugha inayotumika, na kama mkutano ni wa wazi au wa faragha. Wa wazi humpokea hata msindikizaji. Wa faragha ni wa wanaotaka kuacha tu, kwa hiyo msindikizaji atangoja nje. Mikutano mingi hufanyika katika kumbi za makanisa, lakini AA haina dini. Mwislamu anakaribishwa sawa na Mkristo.

Anayeogopa mlango aelezwe yaliyo ndani. Kuna viti, mara nyingi vimepangwa duara, na pengine chai. Mmoja anasoma maneno ya kufungulia. Anayetaka kusema anataja jina lake la kwanza tu, anakiri kwamba ni mlevi, anaeleza yaliyompata; hakatizwi, hahojiwi. Asiyetaka kusema anasikiliza. Mwishoni kapu linapitishwa la kodi ya ukumbi, na mgeni halazimiki kutia kitu. Baada ya hapo watu hubaki wakipeana namba za simu, na hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye faida kubwa, maana hamu ya kunywa haingoji siku ya mkutano. Msimharakishe kurudi nyumbani. Kikundi cha kwanza kisipomfaa, mpelekeni kwenye kingine. Akianguka, arudi mkutano unaofuata, naye asikute tumeshamsengenya.

Hili lifuatalo lisomwe mara mbili. Anayekunywa kila siku, ambaye mikono inamtetemeka asubuhi hadi atoe loki kwa kunywa tena, asikatazwe pombe ghafla na kufungiwa chumbani. Anaweza kushikwa na degedege, kuona visivyokuwepo, hata kufa, hasa katika siku chache za mwanzo. Aonwe na daktari kwanza, kikundi kifuate.

Wake, waume na watoto wa wanywaji nao wana vikundi vyao, Al-Anon, vilivyoanza mwaka 1951. Huko wanaruhusiwa kuchoka bila kuonekana wamemtupa mtu wao. Na mama anayekunywa kwa kujificha asindikizwe na mama mwenzake. Tusijifanye kwamba hawapo.

Katika kikao kijacho nitaomba chama kilipe nauli ya anayekwenda na ya msindikizaji wake, mwezi wote wa kwanza. Majina hayatasomwa kikaoni wala kuandikwa kwenye kumbukumbu. Mweka hazina ataandika "nauli" basi. Yatakayosemwa kikundini yabaki hukohuko.

Anayetaka kusindikizwa, na aliye tayari kusindikiza, anipigie simu au anipitie nyumbani jioni yoyote.

Wenu katika chama,
Katibu