Mtoto Ambaye Hakuulizwa



Juma hili tumeitazama tena filamu ya Doubt, aliyoiandika na kuiongoza John Patrick Shanley mwaka 2008, kutokana na tamthilia yake mwenyewe iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 2005. Ni mwaka 1964, katika shule ya parokia huko Bronx, New York. Sista Aloysius, mkuu wa shule, anamshuku Padre Flynn kuwa amemdhulumu kijinsia Donald Miller, mtumishi wa altare na mwanafunzi mweusi wa kwanza wa shule ile. Ushahidi hana, ana yakini tu.

Tangu hapo watazamaji wamegawanyika: alitenda, hakutenda. Sisi mapadre, na tukiri, ndio wepesi zaidi wa kushindana juu ya hilo, kwa kuwa mshitakiwa ni mwenzetu. Nasi leo tunasema kwamba mashindano hayo yamemsahau mtoto.

Tumewasikia wanaoisifu filamu hii kwa kuwapa wanawake nafasi. Kati ya waigizaji wanne walioteuliwa kuwania tuzo za Oscar, watatu ni wanawake: Meryl Streep, Amy Adams na Viola Davis. Sifa hiyo inastahili. Tazameni zile meza mbili: mapadre wanakula nyama, wanavuta sigara na kucheka, masista wanakula kimya. Hapo mtunzi ameisema kweli ya nyumba yetu pasipo kuhubiri. Aliyeiona hatari ni mwanamke, na kila mlango anaopaswa kuubisha unafunguliwa na mwanamume. Analazimika kusema uongo ili padre aondoke, naye padre anaondoka kwa kupandishwa cheo, kwenye parokia nyingine yenye shule.

Lakini mama wa mtoto je? Amepewa onyesho moja tu la maana, akitembea na Sista kwenye baridi. Anaeleza kwamba mwanawe hupigwa na babaye, na kwamba inatosha avumilie hadi mwezi Juni apate kwenda sekondari nzuri. Wengi wamemhukumu kwa maneno hayo. Sisi hatumhukumu. Mama huyu mweusi, katika mwaka uleule Marekani ilipotunga sheria ya haki za kiraia, amehesabu milango iliyo wazi kwa mwanawe na kuona mmoja. Wa kulaumiwa ni walioifunga mingine.

Na Donald mwenyewe? Katika tamthilia hatokei jukwaani kabisa. Filamu imempa sura, ikampa maneno machache tu. Hatuoni mtu mzima akiketi naye kusikiliza maelezo yake kwa utulivu. Watatujibu kwamba huo ni ufundi, maana mtoto akisema, shaka itakwisha na filamu itakufa. Ndivyo hasa! Fumbo la watu wazima limelipiwa kwa ukimya wa mtoto mweusi. Basi wanaohesabu nyuso kwenye bango na kutangaza kuwa kila kundi limewakilishwa, wahesabu pia nani amepewa kusema habari zake mwenyewe.

Wala tusimtupie mtunzi jiwe peke yake. Mahali pengi Kanisa letu lilifanya vivyo hivyo: padre akahamishwa, mtoto hakuulizwa, mama akaombwa anyamaze. Ilitubidi tungoje hadi mwaka 2019 ndipo Baba Mtakatifu Fransisko, kwa barua yake Vos estis lux mundi, akawawajibisha mapadre na watawa wote kutoa taarifa, akakataza mtoa taarifa kulipizwa kisasi au kufungwa mdomo. Sista Aloysius angeitumia vizuri barua hiyo.

Jumamosi ijayo, baada ya mazoezi ya watumishi wa altare, tunawaomba wazazi wabaki ukumbini. Mama ndio watakaoanza kusema, kisha watoto. Paroko atasema mwishoni, iwapo muda utakuwa umebaki.