Je, Yafaa Kuweka Kitu cha Kuchezea Bila Kukifungua?

Naomba niseme neno juu ya jambo lililoleta ubishi mkubwa bwenini kwetu muhula huu.

Kijana mmoja wa kidato cha pili aliletewa zawadi na dada yake anayefanya kazi ng'ambo. Zawadi yenyewe ni sanamu ndogo ya shujaa wa sinema, yenye viungo vinavyopinda magotini na viwikoni. Imegandishwa juu ya kadi ngumu yenye picha za rangi, na mbele yake kuna kifuniko cha plastiki kinachoonyesha ndani. Nusu ya bweni wakamwambia, "Fungua tuione." Nusu nyingine wakapiga kelele, "Usithubutu! Ukifungua tu, umetupa fedha." Mwenyewe akabaki ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai, asijue la kufanya. Mwishowe wakaniletea mimi niamue, kwa kuwa ni kiongozi wa bweni. Niliwaomba wanipe siku mbili, kwa maana jambo hili linanihusu kuliko walivyojua.

Wale waliosema kwamba mna fedha hawakusema uongo. Sanamu za namna hii zilianza kupata jina lake mwaka 1964, kampuni ya Hasbro ya Marekani ilipotoa askari aliyeitwa G.I. Joe, mwenye urefu wa sentimita 30 hivi. Wenye kampuni waliogopa kwamba wavulana hawatakubali kununua mwanasesere, basi wakakataza kabisa neno hilo wakatunga jina jipya. Mwaka 1977 ikatoka sinema ya Star Wars, na kampuni ya Kenner ya mji wa Cincinnati ikapewa kazi ya kutengeneza sanamu zake. Sikukuu ya Krismasi ikawakuta hawako tayari. Wakauza bahasha ya kadi yenye hati ndani, na mzazi aliyenunua alituma hati hiyo ili mtoto aletewe sanamu nne kwa posta mwaka uliofuata. Watoto wengi siku ile walipewa karatasi, nao wakangoja.

Zilipofika, watoto walifanya kama watoto wanavyofanya. Walirarua kadi wakaitupa, wakazika sanamu mchangani, wakaziogesha, wakazivunja mikono. Mambo yakaendelea hivyo mpaka 1985, sanamu za mfululizo ule zilipokoma kutengenezwa. Zilizosalia ndani ya vifuniko vyake zilikuwa chache. Watoto wale wamekuwa watu wazima wenye mishahara, nao huzitafuta sanamu hizo kwa mamia ya dola, na nyingine kwa maelfu.

Lakini tazameni vizuri, wenzangu. Bei hiyo imetoka wapi? Haikutoka kwa yule mmoja aliyeweka, bali kwa wale elfu waliofungua. Na ushahidi upo. Mwaka 1995 sanamu za Star Wars zilitolewa upya. Safari hii kila mtu alikwisha kusikia habari za bei, na watu wazima wakazinunua kwa dazeni wakazifungia kabatini wangoje utajiri. Nyingi za sanamu hizo zinauzwa leo kwa bei ndogo, maana kila anayepeleka yake sokoni anawakuta wengine mia nao wamepeleka. Kitu kilichowekwa na watu wote si adimu. Basi anayesema, "Weka, utatajirika," hajafanya hesabu yake mpaka mwisho.

Sasa niseme yangu. Mwaka 2018 mjomba wangu alikuja likizo kutoka Marekani akatuletea sanamu mbili, moja yangu na moja ya mdogo wangu. Mimi nilikuwa na miaka 12, yeye miaka 6. Mjomba alitaja tu katika mazungumzo kwamba kule watu huziweka bila kuzifungua. Neno hilo liliniingia kichwani kama msumari. Nikamwambia mdogo wangu, "Nipe na yako nikuwekee. Tukiziuza tutanunua baiskeli." Akanipa, kwa kuwa mimi ni kaka yake.

Mwaka wa kwanza nilizisimamisha karibu na dirisha ili wageni wazione. Mdogo wangu alikuwa akivuta kigoda, akisimama mbele yake, akizungumza na shujaa wake kupitia plastiki. Siku moja nilimkuta ameweka ukucha pembeni mwa kifuniko, nikamgombeza mpaka akalia. Tena nikaona wekundu wa kadi unaanza kufifia. Basi nikazifunga pamoja kwa mpira, nikazitia katika mfuko wa nailoni pamoja na vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, nikakaza mdomo wa mfuko, nikaziweka juu ya kabati, karibu na mabati. Kwetu ni mtelemkoni mwa Mlima Elgoni, mahali penye mvua nyingi, na nyumba yetu haina dari.

Likizo iliyopita niliziteremsha. Kadi zilikuwa zimejikunja kama jani la mgomba lililobabuliwa motoni, na nyuma yake zina madoa ya kuvu. Gundi ilikuwa imeachia, vifuniko vikining'inia kwa upande mmoja. Mpira ulikuwa umeyeyuka ukaandika alama yake juu ya plastiki. Nikamwita mdogo wangu nimwombe radhi. Akaitazama sanamu yake kidogo, akacheka bila ubaya, akasema, "Kaka, mimi sasa nina miaka 13. Mpe mtoto wa shangazi." Akachukua viatu vyake akaenda kucheza mpira.

Tangu siku ile nimesoma niwezavyo juu ya namna vitu hivi vinavyotunzwa, nikaona kwamba kila nililolifanya lilikuwa kosa. Nitayaeleza, maana huenda wako wengine wenye vitu vyao sandukuni.

Kwanza ni mwanga. Jua hula rangi, na kioo cha dirisha hakizuii miale yote inayoharibu. Mahali pa kitu hiki ni penye giza, au mbali na dirisha. Pili ni unyevu. Karatasi hunywa unyevu ikavimba, kisha hukauka ikanywea, lakini plastiki haifuati. Hivyo kadi hupinda na gundi huachia. Majumba ya makumbusho hujitahidi hewa iwe na unyevu wa asilimia 50 hivi, na zaidi ya hayo isibadilike-badilike. Sisi hatuna mashine hizo, walakini tunaweza kutumia kasha lenye kifuniko, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembechembe za kunyonya unyevu tunavyovikuta ndani ya makasha ya viatu. Mfuko wa nailoni uliokazwa siku ya mvua hufungia unyevu ndani. Tatu ni joto. Chini ya mabati mchana ni tanuri, na usiku ni baridi. Rafu ya katikati, isiyogusa ukuta wala sakafu, ni bora, kwa sababu ya maji na mchwa. Nne ni vitu vinavyokaa pamoja nacho. Mpira huharibu plastiki, vidonge vya nondo huweza kuilainisha, na karatasi za magazeti zina asidi inayohamia katika kadi. Wajuzi hutumia karatasi isiyo na asidi na makasha magumu ya plastiki safi. Tano ni uzito. Usipange moja juu ya nyingine, bali zisimamishe. Na kama pana kibandiko cha bei, kiache, maana ukikibandua utaondoka na ngozi ya kadi.

Mwaona, basi, kwamba kuweka si kuacha kugusa tu. Kuweka ni kazi ya miaka, nayo ina gharama. Asiyeweza kazi hiyo haweki kitu, anakichelewesha tu kuharibika.

Huenda mwingine atasema kwamba nachukia wakusanyaji. La, siwachukii. Mtu mzima anayenunua kitu kwa fedha yake na kukitunza vema anatufanyia faida, kwa kuwa vitu vya utoto hupotea upesi kuliko vitu vyote, na kadi ile yenye picha ni sehemu ya historia kama gazeti la zamani. Katika mji wa Rochester, Marekani, liko jumba la makumbusho ya michezo liitwalo The Strong, ambalo huchagua vitu vya kuchezea vinavyostahili kukumbukwa daima. G.I. Joe alichaguliwa mwaka 2004, na sanamu za Star Wars mwaka 2012. Lakini mwaka 2005 walichagua boksi tupu la karatasi, na mwaka 2008 walichagua fimbo, yaani kijiti cha kuokotwa njiani. Boksi halikupewa heshima hiyo kwa sababu lilibaki zima, bali kwa sababu watoto waliingia ndani yake wakalifanya gari na nyumba.

Kwa hiyo nilimjibu hivi yule kijana wa kidato cha pili. Kwanza, mwulize dada yako alikupa ili ucheze au ili uweke, maana zawadi ina nia ya mtoaji ndani yake. Pili, kama ni ya kuweka, usiiweke hapa bwenini penye vijana 40 na paa linalovuja. Ipeleke nyumbani kwa mtu mwangalifu. Tatu, kama ni ya kuchezea, ifungue leo. Tumia wembe, pasua kifuniko upande mmoja taratibu, ilaze kadi ndani ya kitabu kikubwa, na silaha zake ndogo zihesabu kila jioni. Hata wakusanyaji huithamini sanamu iliyofunguliwa kama haikupungukiwa na kitu. Nne, usiwe na tamaa ya kumwekea mtu mwingine kitu asichokuomba umwekee.

Nanyi mliotutangulia katika shule hii, mlio mijini na ng'ambo, mnapowaletea watoto zawadi, tafadhali semeni neno moja tu: "Hii ni ya kucheza." Neno hilo lingalisemwa nyumbani kwetu mwaka 2018, mdogo wangu angalikuwa na shujaa wake.

Mtoto wa shangazi ana miaka 4. Tulipompa ile sanamu hakuuliza bei. Kabla ya jua kutua ilikuwa imeoga karaini, imepanda gunzi la muhindi kama farasi, na upanga wake umepotea matopeni. Mdogo wangu aliporudi kutoka mpirani alisimama akatazama, akaingia ndani bila kusema neno. Yangu mimi ningali nayo, imefungwa vizuri katika karatasi nyeupe, ingawa haina thamani tena.

Wazee walisema akiba haiozi, nami nakubali kwa habari ya mahindi na shilingi. Utoto hauwekwi akiba. Hayo ndiyo maoni yangu, na mwenye mengine na aandike katika toleo lijalo.