Acha Kuhesabu Beringi

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Homa Bay alinitumia ujumbe. Hakuanza na salamu. "Bro, ile rili yako imekufa."

Rili haikuwa yangu. Lakini alikuwa na haki ya kuiita yangu, kwa sababu aliinunua baada ya kuniona kwenye video nikizungusha mkono wake na kupiga kelele, "Beringi 13 na 1, wasee! Inateleza kama mrenda!" Yeye alilipa shilingi 2,300. Mimi nililipwa 5,000 kuisifu, na hiyo ndiyo iliyomaliza kodi ya nyumba mwezi ule. Kitu ambacho sikusema kwenye video ni kwamba nilikuwa nimeizungusha nikiwa nimekaa kitandani. Maji haikuwa imeyaona.

Yake ilikufa kwa mbuta mmoja, si mkubwa, kama kilo tatu hivi. Alivuta, akasikia kitu kinasaga ndani, halafu mkono ukaanza kuzunguka bure huku uzi umesimama. Meno ya gia yalikuwa yamelika. Samaki akaenda zake.

Nilimrudishia pesa yake kwa M-Pesa. Sijisifu, hilo lilikuwa deni. Akajibu asante, kisha akaniuliza: "Sasa niambie ya ukweli. Ninunue gani?"

Hili ndilo jibu lake. Nalitoa mbele ya kila mtu kwa sababu juzi muuzaji yule yule alinirudia na rili nyingine ya kusifiwa. Hii ina beringi 17.

Msimamo wangu ni huu: ukiwa na pesa kidogo, idadi ya beringi ndiyo kitu cha mwisho kuangalia. Na rili ya bei ya chini ikijigamba kwa beringi nyingi, hiyo ni sababu ya kuiogopa.

Nilisoma uhandisi wa mitambo mwaka mmoja na nusu kabla karo inishinde, kwa hivyo sitajifanya profesa. Lakini hii haihitaji digrii. Beringi ni pete ya chuma yenye gololi ndogo ndani, kazi yake ni kupunguza msuguano pale kitu kinapozunguka. Ndani ya rili ya aina hii, sehemu zinazohitaji beringi kweli si nyingi: pande mbili za gia kubwa, ile gia ndogo inayozungusha kichwa, na rola ndogo ambayo uzi hupitia. Baada ya hapo nyingi zinawekwa kwenye vishikio vya mkono na mahali pengine ambapo hutazisikia.

Sasa fanya hesabu. Kwenye 2,300 toa faida ya muuzaji. Toa usafiri kutoka kiwandani hadi Kenya. Toa boksi lenye picha ya papa. Toa na 5,000 zangu, maana nazo zilitoka kwa wanunuzi kama yule kijana. Kilichobaki kinunue beringi 14, gia, breki, mwili na spuli. Ni wazi kuna kitu kitakuwa takataka, na kwa sababu beringi ndizo zinazoandikwa kwenye boksi, takataka itakuwa gia. Gia haiandikwi popote.

Linganisha na kampuni zinazojulikana. Shimano FX, mojawapo ya rili zao za bei ya chini kabisa, ina beringi 2 na 1. Sienna ina 3 na 1. Penn Battle III, yenye mwili wa chuma na bei ya juu zaidi, ina 5 na 1. Kama hiyo inatosheka na 6, hii ya 2,300 inazipeleka wapi 14?

Kwenye maji ya chumvi mambo ni mabaya zaidi. Kila beringi ya bei ya chini ni mahali pengine pa kutu kuanzia. Hilo nalo nililijua kwa kuaibika. Baada ya ile video nilienda kwa mjomba wangu Takaungu na rili ile ile. Mjomba anavua kwa mshipi wa mkono, uzi umezungushwa kwenye kibao, basi. Nikamwonyesha.

"Mjomba, hii ina beringi 13."

Akaishika, akaigeuza. "Na samaki je, ina wangapi?"

Siku ya kwanza ilifanya kazi. Siku ya pili ilianza kulia. Siku ya tatu rola ya uzi ilikuwa imeganda kwa kutu, haizunguki tena, kwa hivyo uzi ulikuwa unasugua mahali pamoja tu. Kolekole alipokamata na kukimbia, uzi ukakatika pale pale kwenye rola. Mjomba hakucheka. Aliniambia tu, "Mwanangu, leo tutakula wangu." Video ya siku hiyo sikuiposti. Ningeiposti, yule kijana wa Homa Bay angebaki na pesa yake.

Sasa tuingie kwa jibu. Nachukulia unataka rili moja ya kutumia maji baridi na pia ukingoni mwa bahari: leo tilapia au bass Naivasha, mwezi ujao changu na kolekole wadogo pale Kilifi au Mtwapa.

Kwanza, saizi. Chukua 2500 au 3000. Ni nyepesi kiasi cha kurusha chambo kidogo ziwani, na inabeba uzi wa kutosha samaki wa baharini akikimbia kidogo. Lakini namba hizi hazilingani kati ya kampuni. 3000 ya huyu inaweza kuwa na mwili wa 2500 ya yule. Kama unaweza, ishike dukani ikiwa kwenye fimbo yako, usikie uzito. Na kama ndoto yako ni mbuta wakubwa, wale wanaoweza kupita kilo 100, au kolekole wa nje kwenye miamba, hiyo ni rili nyingine na pesa nyingine. Usidanganywe kwamba moja inafanya yote.

Pili, dragi, yaani breki ya uzi. Ndiyo inayomruhusu samaki kuvuta uzi badala ya kuukata. Boksi litakwambia dragi ni kilo 8 au 9 na utaona ni nguvu. Ngoja. Tuseme uzi wako unakatika kwa kilo 4.5. Dragi kwa kawaida inawekwa robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi, yaani kama kilo 1.1 hadi 1.5. Hizo kilo 9 utazifanyia nini? Kinachotakiwa ni ulaini. Legeza dragi, shika uzi, uvute polepole. Ukitoka sawasawa bila kukwama, poa. Ukitoka kwa kuruka ruka, kila mruko ni nafasi ya uzi kukatika. Irudishe kwa rafu.

Tatu, rola ya uzi. Ndiyo ile iliyoniaibisha. Funga ule waya wa duara, pitisha uzi juu ya rola, uvute huku na huku kwa nguvu kidogo. Rola lazima izunguke. Kama uzi unateleza juu yake na yenyewe imetulia, hata iwe na beringi 20 huko ndani, achana nayo.

Nne, mkono na kichwa. Zungusha polepole ukiwa umeweka sikio karibu, usikie kama gia zinakwaruza. Tikisa mkono; ukicheza sana dukani, ziwani itakuwaje? Mkono unaofungwa kwa kuskruiwa moja kwa moja ndani ya gia hukaza vizuri kuliko ule wa kupitishwa skrubu upande wa pili, lakini wa aina ya pili si mbaya kama haulegei. Halafu jaribu kuuzungusha kinyume. Unatakiwa ugome mara moja, si baada ya robo mzunguko.

Tano, mwili. Rili nyingi za bei nafuu ni za grafaiti, plastiki iliyoimarishwa. Watu wanaidharau, mimi siidharau. Haishiki kutu. Ubaya wake ni kwamba inajipinda kidogo ukivuta kitu kizito, na ikijipinda gia hazikutani sawa. Kwa saizi ya 2500 na samaki wa kilo moja mbili, grafaiti nzuri inatosha. Aluminiamu ni ngumu zaidi, lakini rangi ikikwaruzwa, chumvi inaanza kuila pale pale.

Gia je, zile namba za 5.2 au 6.2? 5.2 ina maana ukizungusha mkono mara moja, kichwa kinazunguka mara 5.2. Kwa mtu mwenye rili moja, chochote kati ya hapo ni sawa. Usilale njaa kwa sababu ya hiyo.

Usimalize pesa yote kwenye rili. Weka ya uzi. Uzi mzuri kwenye rili ya kawaida unashinda uzi mbovu kwenye rili ghali. Ukitumia uzi wa kusukwa, anza na mizunguko kadhaa ya nailoni chini yake, la sivyo utateleza wote kwenye spuli na utadhani dragi imeharibika.

Nikiambiwa nitaje majina, kwa kijana wa Homa Bay ningeanza na Shimano Sienna au rili za ngazi hiyo za Daiwa, na kama anavua zaidi baharini, Penn Pursuit. Hakuna hata moja kati ya kampuni hizo iliyonilipa, na kwa post hii sidhani watanilipa. Bei zikifika Kenya zinapanda kwa sababu ya usafiri na ushuru, kwa hivyo linganisha maduka kadhaa. Na soma jina herufi kwa herufi, kuna zile zinazofanana na jina kubwa lakini herufi moja imehama.

Kuna watakaosema, nunua tu ile iliyozibwa maji isiingie, kama Penn Spinfisher, umalize maneno. Ni kweli ni rili tamu sana. Lakini mtu anayeenda hori ya Kilifi mara mbili kwa mwezi hahitaji kukopa kwa simu kununua hiyo. Anahitaji bomba la maji. Ukitoka baharini, kaza dragi kabisa, mwagia rili maji baridi taratibu. Usipige kwa nguvu, maana utasukuma chumvi ndani, na usiizamishe kwenye ndoo. Kausha kwa kitambaa, legeza dragi ndio vibao vyake visibaki vimebanwa, tone moja la oili kwenye rola na kwenye vishikio. Dakika tano. Ile yangu sikuifanyia hata hiyo, nikiwa mkweli, lakini kwa siku tatu rili haifai kuwa imezikwa.

Na yule mwenye 2,300 peke yake? Hapa ndipo naona watu kama mimi tunakosea zaidi, kwa sababu tunajua huyo ndiye mtazamaji wetu. Tunamwonyesha kitu kinacholingana na pesa yake badala ya kumwambia ukweli. Ukweli ni kwamba ana njia tatu. Angoje aongeze. Atafute ya mtumba ya kampuni nzuri na aipime kwa yale majaribio yote hapo juu, maana ya mtumba huwezi kuinunua kwa picha. Au anunue uzi mzuri, ndoana na kibao, avue kama mjomba wangu. Mshipi wa mkono hauna beringi hata moja, na umelea watoto wengi kuliko rili zote nilizowahi kusifu.

Najua mtu atauliza, sasa utakula nini ukikataa kila kazi? Swali zuri, na kodi ni tarehe tano. Lakini nimeamua hivi: rili nitakayoisifu kuanzia leo nitakuwa nimekaa nayo majini mwezi mzima, ziwani na baharini, na video itaonyesha nikiifungua ndani mwishoni. Asiyekubali masharti hayo aende kwa mwingine. Wapo wengi.

Kijana wa Homa Bay amenijibu jana. Amepata Sienna ya mtumba kwa jamaa anayehama. Alivuta uzi akaona unatoka sawa, akaangalia rola, akauzungusha mkono kinyume ukagoma. Hajashika samaki bado. Aliniuliza tu kama beringi 4 zitatosha.

Zitatosha, ndugu yangu. Sasa nafungua ujumbe wa yule muuzaji wa beringi 17.